Mwenzako akirudi na hogo mguuni: wiki za mwanzo nyumbani

Mguu ukivunjika chini ya goti, hospitali humaliza sehemu yake kwa siku chache. Mfupa unarudishwa mahali pake, picha ya eksirei inapigwa, hogo, yaani ganda gumu la kushikilia mfupa, linafungwa, mnapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi, kisha mnaita bajaji. Kuanzia hapo kazi inahamia nyumbani: kwenye kitanda, choo, vidato viwili vya mlangoni, utelezi wa uani, na kwako wewe uliyeoana naye. Mfupa wa ugoko wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu hadi minne kuunga vizuri, wakati mwingine zaidi. Muda huo wote daktari atamwona mara chache tu. Wewe utamwona kila saa, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kujua cha kutazama.

Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa nyumba tambarare yenye choo cha kukaa. Huku kwetu mambo ni mengine. Mbeya imekaa mteremkoni chini ya Loleza, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nyumba nyingi choo chake kiko nje na ni cha kuchuchumaa. Mvua zikishika kati ya Novemba na Aprili, ule udongo mwekundu unageuka sabuni. Juni hadi Agosti ni baridi, na ukipanda Makete au Njombe ni baridi zaidi. Basi naandika kwa nyumba hizo.

Siku tatu za kwanza adui ni uvimbe. Mguu uliovunjika huvimba, lakini hogo halitanuki. Nyama zikikosa pa kwenda, zinabana mishipa ya damu kwa ndani. Ndiyo maana mguu lazima uinuliwe juu kuliko moyo. Watu wengi hukosea hapa: mgonjwa anakaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, wote wanaamini mguu umeinuliwa. Haujainuliwa, maana moyo uko kifuani na stuli iko chini ya kifua. Alale chali, au aegemee kidogo tu, na mguu upande juu ya blanketi tatu au nne zilizokunjwa imara. Mto mmoja wa sponji hubonyea ukaisha. Blanketi zianzie chini ya goti na ziishie kabla ya kisigino, ili kisigino kielee hewani. Kisigino kikilalia hogo usiku na mchana, ngozi yake hufa kimyakimya, na kidonda utakigundua siku hogo linakatwa.

Vidole vya mguu ndiyo dirisha lako. Kila baada ya saa moja au mbili siku ya kwanza, hata usiku, washa tochi ya simu uvitazame. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka weupe utokee, kisha achia. Rangi ya waridi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Linganisha na mguu mzima, maana katika baridi ya Julai vidole vyote huchelewa kidogo, na kinachotisha ni tofauti kati ya mguu na mguu. Halafu mguse kila kidole akuambie ni kipi, akiwa amefumba macho. Halafu avikunje na kuvikunjua mwenyewe mara kumi. Zoezi hilo la vidole alifanye kila saa akiwa macho, kwani misuli ikicheza inasukuma damu irudi juu na uvimbe unapungua.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi ni hizi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua ingawa amemeza dawa, maumivu makali mno ukivinyoosha vidole vyake taratibu kwa mkono wako, ganzi au kuchomachoma kama sindano, vidole kuwa vyeupe, vya bluu au vya baridi kuliko vya upande wa pili, na kushindwa kuvisogeza. Ukiona hivyo, usimwongezee kidonge ili alale. Shusha mguu mpaka usawa wa moyo, usiuinue zaidi, kwa sababu damu tayari inahangaika kufika, kisha nendeni hospitali usiku huohuo. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya takriban saa sita, na ukifa haurudi. Kabla giza halijaingia siku ya kwanza, uwe na namba mbili za madereva wanaokubali kuja usiku wa manane. Anayekaa mbali na barabara ya lami apange hilo mapema zaidi.

Sasa kuhusu kukanda. Karibu kila nyumba atatokea mkubwa, mara nyingi mama mkwe au shangazi, na beseni la maji ya moto yenye chumvi. Anatoka kwenye upendo na mila ya muda mrefu. Lakini joto huongeza damu na uvimbe katika siku za mwanzo, na kuchua mahali palipovunjika kunaweza kuusogeza mfupa uliokwisha kupangwa. Penye hogo hapakandwi kabisa. Wala lisiongezwe banzi wala kamba ya kukaza juu yake, hata kama fundi wa mifupa wa kijijini anasifika. Kwa mkubwa usibishane. Mwambie, "Mama, shikamoo. Asante kwa kuja. Daktari amekataza maji ya moto mpaka atakaposema mwenyewe. Naomba utusaidie uji, mgonjwa hajala vizuri." Mpe kazi yenye heshima, atakaa nayo.

Hogo lenyewe linahitaji kujulikana. Lile la plasta nyeupe, ambalo wengi huliita POP, hutokana na jasi. Likichanganywa na maji linapata moto na kushika ndani ya dakika chache, ila kukauka hadi ndani huchukua siku mbili hadi tatu, na katika baridi ya huku usitegemee pungufu ya tatu. Wakati bado bichi, lishike kwa viganja viwili vilivyo wazi. Ukilishika kwa ncha za vidole unaacha mashimo madogo, na kila shimo kwa ndani ni kinundu kinachokandamiza ngozi. Usililaze kwenye ukingo wa mbao za kitanda. Usilifunike blanketi zito, acha hewa ipite. Na usilipeleke jikoni likauke kwa moto: linakauka nje, ndani linabaki bichi, na joto linaweza kumuunguza bila wewe kuona. Hogo la faiba hukauka mapema sana, lakini pamba iliyo ndani yake ikilowa huleta matatizo yaleyale.

Ngozi itawasha. Asiingize kalamu, kijiti wala spoku ya baiskeli. Mchubuko mdogo ndani ya joto na giza lile unageuka usaha. Apuliziwe hewa ya baridi kwa pampu ya mkono, au agonge hogo taratibu kwa nje. Ukianza kusikia harufu ya kuoza, au ukiona doa jipya linalokua juu ya plasta, lizungushie kalamu na uandike saa, kisha umpeleke.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo linaloua watu wazima na wazima wa afya. Mgonjwa wa kitandani anasikia baridi, na mwenzake kwa huruma anamwingizia jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi huitoa vilevile. Kichwa kinaanza kuuma, usingizi unazidi, miguu inakosa nguvu. Mwenye miguu miwili anaweza kutambaa hadi mlangoni, wa hogo hawezi. Jiko lisilale chumbani, hata "kidogo tu". Badala yake jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, ifunge kwa kitenge, iweke upande wa mguu mzima. Isiguse vidole vya mguu wenye hogo, kwani vikiwa na ganzi vitaungua bila yeye kujua. Vidole hivyo vivalishe soksi pana inayotoka kirahisi wakati wa kuvikagua. Na ili blanketi nzito lisivilalie, kata boksi gumu pande mbili, lisimamishe juu ya mguu kama daraja, blanketi lipite juu yake.

Kitanda kiwe na kimo cha goti lake, sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro. Godoro la chini linaonekana salama kwa sababu haanguki, lakini kunyanyuka kwake ni mateso, na ndipo wengi hukanyagia mguu mbovu bila kutaka. Kitanda kikiwa kifupi, kiinue kwa matofali mapana, kila mguu uketi katikati ya tofali, na upande wa kichwa usukumwe hadi ukutani kisihame. Ashukie upande wa mguu mzima. Ondoa mikeka na mazulia njiani. Sakafu nyekundu iliyopigwa nta ipumzike nta miezi hiyo.

Choo ndicho kinachovunja moyo kuliko maumivu. Mtu mwenye hogo mpaka juu ya goti hawezi kuchuchumaa, na mwenye hogo fupi akijaribu atauegemea mguu anaokatazwa. Baadhi ya nyumba hutoboa kiti cha plastiki. Kinafaa kwa mtu mwepesi na kwa siku chache, ila kwenye saruji yenye maji miguu ya kiti hutanuka na kuteleza, na ukingo uliokatwa kwa kisu hukwangua mapaja. Mimi naona bora fundi seremala atengeneze stuli ya choo. Mbao za mbili kwa mbili, miguu minne ya sentimita 45, mtu mrefu afike 48. Tundu la kukalia liwe na upana wa sentimita 20 hivi na urefu wa 28, kingo zipigwe msasa mpaka mkono upite bila kukwama. Mbao za kukaza ziwe pande tatu, mbele paachwe wazi ili usiku iingie ndoo, mchana stuli ikae juu ya tundu la choo. Pima kwanza nafasi ya miguu ya stuli pande zote za tundu, vinginevyo itaingia shimoni. Ipakwe vanishi ili ioshike.

Pembeni ya stuli panahitaji mahali pa kushika. Ukuta wa tofali mbichi haushiki msumari, na siku akiuegemea utang'oka naye. Chimbia mti wa mkaratusi sentimita 60 ardhini, ushindilie mawe, utokeze hadi kimo cha kiuno, upande wa mkono wenye nguvu. Kopo la maji na karatasi viwe upande huohuo, juu ya kitu, si sakafuni.

Kuoga hakuhitaji ushujaa. Aketi, mguu wenye hogo utoke nje ya eneo la maji juu ya stuli nyingine, aoshwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, lita kumi zinatosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea iliondoka madukani tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni pana ya kununua kwa mita au ile ya ndani ya mfuko wa mbolea iliyooshwa vizuri. Zungushia mara mbili, funga juu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli bila kubana, uufungue mara tu mkimaliza. Nailoni hiyo ni kwa matone tu, si ya kuzamisha.

Nakuja kwenye magongo. Mtu wa sentimita 170 ataanzia gongo la karibu 130, yaani kimo chake ukipunguza 40. Kisha rekebisha amesimama wima na viatu anavyovaa kila siku: ncha ya gongo sentimita 15 mbele na pembeni ya mguu, na kati ya kwapa na kilele cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mpini ukae usawa wa kifundo cha mkono unaponing'inia, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito wote uende mikononi. Kuning'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya siku kadhaa mtu anashindwa kunyanyua kiganja, anadhani amepooza.

Geuza gongo utazame mpira wa chini. Mpya una miduara kama ya kitumbua kilichochorwa, mmoja ndani ya mwingine. Baada ya wiki tatu za changarawe miduara ya upande wa nje imefutika, mpira umekatika kwa mshazari, na katikati unaanza kuona bati au mbao. Hapo gongo ni la kuteleza, libadilishwe siku hiyo. Fundi viatu anaweza kukata mpira wa tairi, lakini kichwa cha msumari kizame kabisa ndani ya mpira, kwa sababu kikitokeza unatembea juu ya chuma kwenye saruji. Mvua ikinyesha, tundika kitambaa mlangoni na ufute ncha zote mbili kabla hajaingia. Kwenye mteremko hatua ziwe fupi, nusu ya kawaida.

Penye ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kisha mbovu na magongo vinafuata. Kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia, mzima unafuata. Wewe simama upande wa chini daima, nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka. Kunja kanga kwa urefu mara nne, mfunge kiunoni kama mkanda, fundo likae pembeni, na umshike hapo. Usimshike mkono, maana akiteleza utamtegua bega. Akianza kuanguka usishindane na uzito wake. Kunja magoti yako, mvute kwako kwa kanga, mteremshe polepole kwenye paja lako hadi chini.

Dawa na chakula nitapita haraka. Paracetamol ni vidonge viwili vya miligramu 500, vipishane saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, na kumbuka kuwa vidonge vingi vya mafua vina paracetamol ndani. Diklofenaki ni baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Tramadol hulewesha na kufunga choo, basi asisimame na magongo akiwa amelewa dawa, na wageni wasimletee pombe, iwe ulanzi au komoni, hata kama ni msimu wake. Maji, papai na maparachichi ya Rungwe au Njombe husaidia choo. Mfupa unataka protini na madini ya kalsiamu: maharage, maziwa, mayai, dagaa wanaoliwa wazima na miba yao. Chai aipende, ila aitenge na mlo walau saa moja, kwa sababu huzuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasifyonzwe. Anayevuta sigara aambiwe ukweli: moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Jambo jingine la kujua ni damu kuganda mguuni kwa kulala sana. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma, au akikohoa damu, hiyo ni dharura hata kama mguu hauumi.

Wageni wa pole watakuja, na ni vizuri waje. Panga kiti upande wa kichwa, si miguuni, ili asikae mtu juu ya blanketi za kuinulia. Saa za mchana baada ya chakula zinafaa, jioni mguu umechoka. Katika familia zinazoshika desturi ya Kinyakyusa ya baba mkwe na mkwewe wa kike kutokutana, amua mapema nani atamsaidia mke aliyeumia siku wewe mume hupo. Mwite wifi au dada yake aje alale hapo. Lisingoje mpaka haja imembana.

Na wewe unayeuguza. Aliyezoea kutafuta unga sasa anaomba apelekwe chooni, na hasira yake mara nyingi ni aibu. Mweleze kabla ya kumgusa: "Baba Neema, nakuinua sasa, tegemea mguu wa kulia." Mpe kazi za kukaa: kuchambua maharage, kukagua madaftari ya watoto, kuandika saa za dawa. Mume anayemuuguza mke apike bila kuomba ruhusa ya mtaa. Ugali hauulizi nani kausonga. Kila wiki pata nusu siku mtu mwingine akushikie zamu, kwa sababu mwuguzi aliyekosa usingizi ndiye anayesahau kutazama vidole.

Tarehe ya kurudi isirukwe hata kama maumivu yameisha. Uvimbe ukishuka, hogo linalegea, na mfupa unaweza kuhama ndani yake bila kelele. Picha ya wiki ya kwanza au ya pili ndiyo inayokamata hilo wakati bado ni rahisi kurekebisha. Kama ilikuwa ajali ya barabarani, piga picha PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kila risiti kwa simu kabla hazijalowa.

Hogo likikatwa msishtuke. Mguu umekonda, ngozi inabanduka magamba, nywele zimerefuka. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta, magamba yatoke yenyewe. Kifundo kitakuwa kigumu kama mlango uliofungwa masika nzima. Anyooshe kwa kanga iliyopita chini ya nyayo, avute vidole kuelekea kwake, ahesabu hadi ishirini, mara tano, asubuhi na jioni. Kisha aweke taulo lililoviringishwa chini ya goti, alikandamize kwa sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Jioni kifundo kitavimba tena, na kitaendelea hivyo kwa miezi. Hilo ni la kawaida ikiwa asubuhi kimeshuka.

Daktari akiruhusu gongo moja, wengi hulishika upande wa mguu ulioumia, kwa sababu ndipo panapoonekana panahitaji msaada. Lishikwe upande wa mguu mzima. Gongo na mguu mbovu vinakwenda mbele pamoja, uzito unagawanyika katikati yao, na mwili haulali upande. Mwanzie uani palipo sawa, asubuhi jua likishakausha umande, hatua kumi kwenda na kumi kurudi, wewe ukiwa na mkono kwenye kanga ya kiuno.